Kutoka 17 ya Makueni hadi 31 ya Euler

Kanyangi iko katika Kaunti ya Kitui, ambayo namba yake rasmi ni 15. Kaunti jirani ya Makueni ina 17. Namba hizo mbili zinatufaa sana kueleza namba tasa kubwa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Chukua 2 kwa kipeo cha 15, kisha utoe 1. Unapata 32,767. Kwa kuwa 15 ni 3 mara 5, jibu hilo halina budi kugawanyika kwa 7 na kwa 31, ambazo ni 2 kwa kipeo cha 3 na cha 5, kila moja ikitolewa 1. Ukitumia 17 unapata 131,071, nayo ni tasa; Mwitaliano Pietro Cataldi alilithibitisha hilo mwaka 1588. Kipeo kisicho tasa hakizai kamwe namba tasa ya aina hii. Kipeo tasa huenda kikazaa, huenda kisizae: 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Sasa njoo kwenye 31, ninayoipenda kuliko zote. Inatoa 2,147,483,647. Anayeipima bila mbinu atajaribu kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, karibu 46,340, nazo ni 4,792. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, wakati huo akiwa karibu kipofu kabisa, alipata njia fupi na kumwandikia mwenzake Johann III Bernoulli mwaka 1772. Tuseme ipo namba tasa inayoigawanya. Vipeo vya 2 vikigawanywa kwa namba hiyo, masalio hujirudia kila baada ya hatua 31. Mfaransa Pierre de Fermat alikwisha kueleza kwamba urefu wa mzunguko kama huo lazima uigawanye namba hiyo ikitolewa 1. Namba yenyewe ni witiri, kwa hiyo ikigawanywa kwa 62 lazima ibakize 1. Sharti jingine linataka ikigawanywa kwa 8 ibakize 1 au 7. Zinabaki namba 373 tu za kujaribu, na nyingi kati ya hizo unaziondoa kwa kuzitazama. Mwanafunzi wa sekondari pale Kanyangi anaweza kuirudia kazi hiyo yote kwa kalamu na daftari. Natamani wengi wajaribu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba huenda hakuna atakayejaribu kwenda mbali zaidi ya hapo, maana namba kama hizi hazina faida. Namba ya Euler ilishika rekodi ya namba tasa kubwa kwa miongo mingi. Namba tasa ya aina hii iliyopatikana Oktoba 2024 na Mmarekani Luke Durant ina tarakimu 41,024,320.

Kuhusu faida, namba ya Euler imo ndani ya kompyuta nyingi kama kikomo cha hesabu za biti 32, lakini hapo utasa wake hauna kazi. Kazi yake iko kwingine. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia ya kutengeneza namba za kubahatisha: zidisha kwa 16,807, gawanya kwa namba ya Euler, chukua salio, rudia. Masalio hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Kama Euler angepata kigawo hata kimoja, hakuna kizidisho ambacho kingeweza kuzifikia zote.