Waite Wenzako wa Zamani kwa Chai ya Alasiri

Leo sitazungumzia chanjo wala malaria. Nataka tuzungumze juu ya birika la chai, viti vinne au vitano, na marafiki ambao hamjaonana kwa muda mrefu. Huenda unajiuliza, "Sista, hayo yanahusu afya vipi?" Subiri kidogo, utaona.

Mama anayelea mtoto mchanga, au anayemtunza mgonjwa nyumbani, hupotea polepole. Hakuna aliyemfukuza. Kwanza anakosa harusi moja, kisha anakosa matanga, kisha watu wanazoea kwamba huwa haji. Aliyeolewa mbali na kwao aliwaacha huko wale aliosoma nao. Wao wanadhani ana shughuli nyingi, naye anadhani wamemsahau. Utaniambia, "Lakini mimi niko kwenye chama." Chama ni kizuri, lakini kina daftari, michango na faini ya kuchelewa. Si rahisi kusimama pale useme kwamba hulali usiku.

Mwezi wa Juni mwaka wa 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya upweke. Ilisema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Mtu mpweke yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa moyo, kiharusi na kisukari. Kwa akina mama kuna jambo jingine. Shirika hilo linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa ile huzuni iliyozidi ambayo wataalamu huiita sonona. Huku kwetu mama kama huyo huambiwa ni mvivu, au amerogwa.

Kikombe cha chai hakitibu sonona. Lakini mara nyingi anayegundua kwanza kwamba hauko sawa si muuguzi. Mimi nikikuona kliniki kwa dakika kumi, nitadhani wewe ni mtu mkimya tu. Rafiki wa zamani anajua ulivyokuwa ukicheka. Yeye ndiye atakayesema, "Mwenzangu, wewe hukuwa hivi."

Basi tupange. Alika wanne au watano, si umati. Piga simu kwa kila mmoja. Ukituma ujumbe kwa kikundi, yule anayejificha hatajibu, na huyo ndiye unayemtaka zaidi. Akisema hana nafasi, usikasirike haraka. Pengine hana nauli. Pengine mambo yamemwendea mrama na anaona haya mbele ya wenzake. Mwambie waziwazi, "Njoo mikono mitupu, na uje na mtoto." Kuja na kilo ya sukari na majani ni desturi nzuri, lakini isiwe ndiyo inayomzuia mtu mlangoni. Na kama kuna mwenye mgonjwa asiyeweza kuachwa, chai iende kwake. Jazeni chupa ya chai, mfunge viazi vitamu kwenye kitambaa, mwende.

Usikope pesa kwa sababu ya wageni. Viazi vitamu, nduma, mahindi ya kuchemsha au njugu vinatosha, tena vina manufaa kuliko sahani ya mandazi yaliyojaa mafuta. Mvua ikinyesha, usiingize jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha watu joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.

Sasa chai yenyewe. Majani ya chai yalipandwa nchini mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903, kwa hivyo sitawafundisha kupika. Ila sukari iweke kando, kila mtu ajitilie. Huenda mmoja wenu ana kisukari na hajawaambia. Hata asiye mgonjwa anashauriwa asipite vijiko sita vidogo kwa siku. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu vimeshamaliza. Maziwa yachemke vizuri, kwa maana mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela. Na mwache chai ipoe kidogo. Kunywa vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzi 65, kunahusishwa na saratani ya umio, yaani njia ya chakula, na saratani hiyo inaonekana sana pande za Bomet.

Wajawazito, sikilizeni hapa. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na mboga, na madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Usinywe chai pamoja na chakula, wala usimeze kwa chai vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Acha angalau saa moja. Ndiyo maana napenda chai ya saa tisa: chakula cha mchana kimeshuka, na cha jioni bado. Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Wale wakubwa kidogo wapikieni uji. Chai hujaza tumbo la mtoto bila kumlisha.

Wageni wakitaka kumbeba mchanga, wanawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua amsalimie kwa mbali.

Mkishaketi, kumbukeni ya shuleni, mcheke. Lakini mtazame yule asiyegusa kikombe chake. Msaidie kuosha vyombo, kwa sababu watu husema mengi wakiwa wameinama kwenye karai. Muulize analalaje, anakulaje, na kama bado anafurahia mtoto wake. Akianza kueleza, usimkatize kwa "hata wenzako wamezaa" wala "shukuru Mungu." Sikiliza. Na atakayoyasema yasivuke ua.

Huzuni ikiwa imepita wiki mbili, na hawezi kulala hata mtoto akiwa amelala, au haoni faida ya lolote, anahitaji kituo cha afya. Usimwambie tu "nenda." Panga siku, umpitie, mwende pamoja, na umshikie mtoto akiingia kwa daktari. Akisema anatamani kufa, au anaogopa kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata kidogo. Mmoja abaki naye, mwingine atafute gari, na mmpeleke hospitali jioni hiyo hiyo, hata kama chai bado iko mezani.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kikohozi cha watoto.