Diski ya Pili kwa Laptopu ya Gemu: Hesabu ya Mtu wa Sumbawanga

Laptopu yangu ya gemu ni ya mtumba na ilikuja na SSD moja ya GB 512. Ukiifungua Windows unaonyeshwa GB 476 tu, maana mtengenezaji na Windows hawahesabu kwa kipimo kimoja. Red Dead Redemption 2 inataka GB 150. EA Sports FC 25 inataka GB 100. Hapo zimebaki 226, na ndani yake bado kuna Windows yenyewe, programu za kazi, picha za familia na video za harusi ya mdogo wangu. Gemu ya tatu ikija, lazima moja ifutwe.

Aliye na faiba nyumbani anafuta leo na kupakua tena kesho bila kuumia. Sisi wengine wa Sumbawanga tunaishi kwa bando la simu. Tuseme umebahatika, GB 1 inakuangukia shilingi 1,500. Kuirudisha Red Dead peke yake ni shilingi 225,000. Sasa chukulia duka limekutajia SSD ya TB 1 kwa shilingi 220,000. Umeifuta gemu mara moja, ukaipakua mara moja, na pesa ya diski nzima imeshakwenda hewani. Weka bei halisi za wiki unayonunua, lakini ipige hesabu hiyo kabla ya kusema diski ni ghali. Kwetu hapa diski ya pili inanunuliwa kwanza ili kuokoa bando. Kasi inakuja baadaye.

Kuna njia nne za kuongeza diski. Bora kuliko zote ni SSD ya M.2, kile kipande chembamba kama kijiti cha bigijii, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Zile za NVMe za kizazi cha tatu cha PCIe husoma hadi kama MB 3,500 kwa sekunde, na za kizazi cha nne hufika 7,000. Ya pili ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, ambayo huishia kama MB 550. Ya tatu ni diski ngumu ya kuzunguka, na hiyo ikifika MB 100 na kitu imejitahidi. Ya nne ni SSD ya nje ya kuchomeka USB.

Muuzaji atakusukuma kwenye ile ya 7,000. Usikubali haraka. Kutoka diski ngumu kwenda SSD yoyote utaiona tofauti kwa macho: ramani ya gemu inayokufanya usubiri dakika nzima inafunguka kwa sekunde chache. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa gemu nyingi, tofauti ni sekunde moja au mbili. Na kama sloti yako ni ya kizazi cha tatu, diski ya kizazi cha nne itafanya kazi, ila kwa mwendo wa sloti. Pesa ya ziada iweke kwenye ukubwa. Tuseme GB 512 ni 130,000: hiyo ni kama shilingi 254 kwa kila GB, wakati TB 1 kwa 220,000 ni shilingi 220. Kubwa ndiyo nafuu.

Kitu kingine cha kutazama ni uimara wa kuandikwa, unaopimwa kwa TBW, yaani terabaiti zinazoweza kuandikwa. Crucial P3 ya TB 1 imepewa TBW 220, na Samsung 970 EVO Plus ya ukubwa huohuo imepewa 600. Kwa gemu pekee, hata 220 ni nyingi. Kwa anayehariri video kila siku, ningesema aongeze pesa.

Kabla ya kununua chochote, fungua mashine. Mimi nilipeleka yangu kwa fundi. Akatoa skrubu za chini moja moja, akazipanga juu ya karatasi kwa jinsi zilivyokaa, akapitisha kipande cha plastiki pembeni mpaka mfuniko ukaachia. Hapo kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya wa betri. Kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: "Kaka, sloti ya pili hii hapa, iko wazi. Ila kaskrubu kake hakapo." Kaskrubu hako ni kadogo kuliko punje ya mahindi, na bila hako SSD inainuka upande mmoja. Alikatoa kwenye laptopu mbovu. Kwa mashine za mtumba kasoro hii ni ya kawaida, sawa na kukosa ule waya bapa wa kuunganisha diski ya inchi 2.5. HP Pavilion Gaming 15 nyingi zina nafasi ya diski hiyo, lakini mara nyingi waya hauji nazo. Ukiagiza diski kutoka Kariakoo bila waya, utalipia mzigo wa basi mara mbili, na Dar ni zaidi ya kilomita 1,000.

Diski ngumu ndiyo rahisi kwa kila GB, na kwa sinema na nakala za akiba sina ugomvi nayo. Ila ina sahani inayozunguka na kichwa kinachoelea juu yake. Mtu anayebeba laptopu kwenye bodaboda, au anayeshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwa barabara ya Ntendo–Muze, aiache nyumbani. Zile kubwa za inchi 3.5 zinazotaka umeme wake zenyewe zisahau kabisa: umeme ukikatika laptopu inabaki na betri yake, diski inazimika katikati ya kuandika.

SSD ya nje inamfaa mwenye mashine ya sloti moja. Ya USB ya gigabiti 10 inafika kama MB 1,000 kwa sekunde, na gemu inachezeka humo bila shida. Faida yake nyingine ni kwenda nayo kwa jirani mwenye gemu uliyonunua na wewe, ukanakili folda, kisha ukaiambia Steam ihakiki mafaili. Tangu 2023 Steam pia inaweza kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, bila kula bando kwa mzigo wote.

Jihadhari na diski ya nje ya "TB 16" inayouzwa bei ya TB 1. Ni bandia: imechezewa ionyeshe ukubwa isiokuwa nao, na mafaili yako yanapotea kimya kimya. Programu ya bure ya H2testw huijaza na kuisoma upya, na CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizotumika na afya yake. Omba ichomekwe mbele yako, udai risiti ya EFD. Ukigundua ni feki, toa taarifa Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ni kazi yao.

Uamuzi wangu: kama sloti ya M.2 iko wazi, nunua NVMe ya TB 1 ya bei ya kati. Kama haipo lakini kuna nafasi ya inchi 2.5, chukua SSD ya SATA pamoja na waya wake. Zote mbili zikikosekana, chukua ya nje. Na siku ya kuagiza, mpigie muuzaji ukiwa na namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini ya laptopu yako, pamoja na picha ya sloti uliyoipiga mfuniko ukiwa wazi.