Baraza la Kijiji Minjila: Wazee Watano na Daftari Lisilokuwapo

Shauri la ng'ombe kuingia shambani halifai kufika Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Likifika huko limekwisha kuharibika: mahindi yameliwa, fahali amekatwa panga, na vijana wa pande mbili wameanza kupigiana simu usiku. Mahali pake ni kijijini, mbele ya watu wanaolijua shamba lenyewe, wanaomjua mchungaji na baba yake, na wanaokumbuka mwaka jana njia ya kwenda mtoni ilipita wapi. Ndiyo maana Minjila, kituo kidogo karibu na Garsen kwenye barabara ya Malindi kwenda Lamu, pamoja na vijiji vya delta ya Tana vilivyo jirani, ni mahali pa kufaa kuchunguzia kazi ya baraza la kijiji. Hapa baraza likishindwa, watu hufa. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua zaidi ya watu 100 katika delta hii, na majina ya vijiji vya Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao hayajasahaulika.

Mwaka huohuo wa 2012 Kenya ilipata Sheria ya Serikali za Kaunti. Kifungu cha 53 kinaunda baraza la kijiji. Mwenyekiti ni msimamizi wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa wa kaunti. Pamoja naye hukaa wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano. Msimamizi huwateua kwa ushindani, bunge la kaunti likawaidhinisha, na usawa wa kijinsia ukazingatiwa. Mzee awe raia wa Kenya aliyeishi au kumiliki mali katika kijiji hicho mfululizo kwa miaka isiyopungua 5. Kazi ya baraza ni kuratibu ushiriki wa wananchi katika utawala, kufuatilia sera zinavyotekelezwa kijijini, na kuwashauri wasimamizi wa wadi na wa kaunti ndogo.

Kuratibu, kufuatilia, kushauri. Kuamua hakumo. Baraza hili halina fedha zake, halitozi kodi, halitoi hati ya ardhi. Nguvu yake yote imo katika jambo moja: kwamba linayoyasema huko juu yasikilizwe. Na ushauri usioandikwa, kwa uzoefu wa serikali yoyote, hausikilizwi.

Kijiji chenyewe pia kinahitaji kuelezwa. Bunge la kaunti ndilo huamua idadi ya vijiji vya kiutawala, kwa hiyo kijiji cha kisheria kinaweza kukusanya vijiji kadhaa vya kawaida, vingine ng'ambo hii ya mto, vingine ng'ambo ile. Katika kaunti kavu jambo hili ni dogo. Katika delta, ambako mvua kubwa hukata njia kwa majuma, wazee watano wanaweza kuwa wajumbe wa baraza moja na wasionane. Na lile sharti la miaka 5 ni la haki kwa mkulima wa Kipokomo ambaye migomba yake haihami. Familia ya Kiorma au ya Kiwardei inayoondoka na ng'ombe kila msimu na kurudi inahesabiwaje? Msimamizi akilisoma sharti hilo kwa ufinyu atapata baraza la wakulima watupu, na baraza la upande mmoja Tana Delta ni hatari kuliko kutokuwa na baraza kabisa.

Wazee hawa wa kaunti hawako peke yao. Serikali ya kitaifa ina ngazi yake: chifu, naibu wa chifu, halafu mzee wa kijiji aliyefanya kazi miaka na miaka bila mshahara. Wapokomo wana Gasa, Waorma wana Matadeda, mabaraza ya jadi yaliyokuwapo kabla ya chifu wa kwanza. Mwananchi mwenye shamba lililokanyagwa anaweza kwenda kwa yeyote kati ya hao. Sioni ubaya katika wingi huo. Gasa na Matadeda zina heshima ambayo hakuna sheria inayoweza kuiumba, na mara nyingi suluhu ya kweli hupatikana pale zinapokaa pamoja. Ubaya huja pale kila mmoja anapotoa uamuzi wake na hakuna mahali maamuzi hayo yanakutana.

Tuchukue mfano wa malka, yaani njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni. Kiangazi kikikaza, ng'ombe huteremka kutoka bara, wengine kutoka kaunti jirani, kwa sababu delta hubaki na nyasi wakati kwingine kumekauka. Kingo za mto ndiyo hasa ardhi nzuri ya mpunga, mahindi na maembe. Mkulima akisogeza shamba hatua chache kila mwaka, malka hufungwa bila mtu yeyote kutamka kwamba ameifunga. Wazee wakiitwa huenda pale penyewe, hutembea, huonyeshana mti au kichuguu cha mpaka, hupanga fidia ya mazao na siku za kunywesha. Wengi huifanya kazi hii vizuri sana. Lakini bila maandishi, miaka mitatu baadaye mashahidi wawili wamefariki, mti umeng'olewa na mafuriko, na shauri linaanza upya, safari hii kukiwa na hasira zaidi.

Serikali kubwa nayo ilijifunza kwa gharama kwamba matumizi ya ardhi hupangwa kwa maandishi, pamoja na wenyeji. Mpango wa mashamba makubwa ya miwa uliotangazwa mwaka 2008 ulipingwa na wakaazi hadi Mahakama Kuu, ambayo Februari 2013 iliagiza delta iandaliwe mipango ya matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wenyeji. Delta yenyewe ilikuwa imeingizwa mwaka 2012 katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar. Mpango wa matumizi ya ardhi uliofuata uligawa maeneo ya kilimo, malisho na uhifadhi, na kamati za vijiji zikashiriki kuuandaa. Kisha Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaweka utaratibu wa umiliki: ardhi ambayo haijasajiliwa inashikwa na kaunti kwa niaba ya jamii, nayo haiwezi kuiuza; ikishasajiliwa, mkutano wa jamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15 kuisimamia. Kwa hiyo baraza la kijiji halimiliki malka wala haliwezi kuigawa. Linachoweza ni kuwa shahidi wake, na shahidi bila maandishi hafiki mbali mahakamani.

Kalenda nayo ni tatizo lisilosemwa vya kutosha. Kwa sheria ya fedha za umma, mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sasa ziweke tarehe hizo kando ya mto. Februari ni kilele cha kiangazi, wachungaji wako malishoni na wazee wako kwenye kesi za malka. Mwisho wa Aprili masika yameanza. Mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa na kufurika, maji hufika delta siku kadhaa baadaye na vijiji hukatika. Kikao cha kukusanya maoni kikiitwa majuma hayo katika kituo cha barabarani, watakaofika ni wale wanaokaa barabarani. Baraza la kijiji lingeweza kuponya hili kwa kukusanya maoni mapema, Novemba au Januari, mtaa kwa mtaa, na kuyatuma yakiwa yamesainiwa. Hakuna sheria inayolizuia.

Halafu kuna orodha. Mafuriko yakija, kazi kubwa ya mzee ni kuandika kaya zilizohama, zenye watoto wachanga, zilizopoteza chakula. Hapo heshima ya mzee hujengwa au huvunjika kabisa. Orodha ikisomwa hadharani na kubandikwa, manung'uniko hupungua. Ikikaa mfukoni mwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kama malaika, ataitwa mwizi.

Mabaraza madogo ya nchi nyingine yana jambo la kutufundisha hapa. Tanzania, halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe 15 hadi 25 wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa usimamizi wa ardhi ya kijiji chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ina afisa mtendaji, ambaye ndiye huweka kumbukumbu. Uingereza, mabaraza ya parokia ya vijijini yaliundwa kwa sheria ya 1894, na hata lililo dogo kabisa huwa na karani wa kuandika maazimio na hesabu. Mjumbe akifa, daftari hubaki. Kifungu chetu cha 53 hakitaji karani. Kimemwachia msimamizi aitishe, aongoze, apatanishe na aandike, yote peke yake.

Naamini kasoro hii inarekebishika bila kugusa sheria kuu. Bunge la Kaunti ya Tana River lina uwezo wa kupanga posho za wazee na kutunga kanuni za vikao: karani mmoja kwa kila baraza, kijana wa hapo hapo aliyemaliza shule, daftari moja lenye maazimio, michoro ya malka na majina ya mashahidi wa pande zote, nakala moja kwa msimamizi wa wadi, nyingine kwa chifu, na wazee wa Gasa na Matadeda wakisaini yanayowahusu. Kwa kaunti hiyo ni gharama ndogo.

Nawe mkaazi wa Minjila, Garsen au kijiji chochote cha delta, kikao kijacho kikifunguliwa, omba kwanza yasomwe maazimio ya kikao kilichopita. Kama hayapo, kaa udai yaandikwe ya leo kabla hujaondoka.