Je, Wajua? Mwanafunzi Ugenini na Jembe la Siku ya Tatu

Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa vyuo vikuu hufunga mizigo wakaenda kusoma muhula mmoja katika nchi ya watu. Vyuo huwaahidi kwamba wataujua utamaduni wa wenyeji kwa kuuishi. Je, huwa hivyo kweli? Waswahili walikwisha kulisemea jambo hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Haya yafuatayo ni mambo machache kuhusu masomo ya ugenini, na mengi yake yanaipa haki methali hiyo.

Mgeni wa mwaka 1190

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Oxford humtaja Emo wa Friesland, eneo lililoko Uholanzi ya leo, kuwa mwanafunzi wake wa kwanza kutoka ng'ambo? Alifika mwaka 1190. Enzi hizo kusafiri kutafuta elimu kulikuwa na hatari zake. Mwanafunzi aliweza kukamatwa katika mji asioujua, akadaiwa deni la mtu asiyemfahamu, kwa sababu tu wawili hao walitoka nchi moja. Katika miaka ya 1150, Mfalme Frederick Barbarossa alitoa amri iitwayo Authentica Habita, iliyowakinga wasafiri wa elimu na kupiga marufuku mtindo huo wa kuwalipisha madeni ya wenzao.

Huko Bologna na Paris, wanafunzi wageni walijikusanya katika vyama vilivyoitwa "mataifa", kila mmoja na watu wa kwao. Kumbe tabia ya kung'ang'ania wenzako wa nyumbani ukiwa ugenini ina umri wa karne nane.

Wanane kwenye meli

Je, wajua kwamba mtindo wa chuo kupeleka wanafunzi wake ng'ambo kwa muda, kisha masomo yao yakahesabiwa nyumbani, ulianza Marekani na vijana wanane tu? Raymond Kirkbride, mwalimu wa Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Delaware, alikuwa amepigana nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliamini kwamba vijana wa mataifa mbalimbali wakikaa nyumba moja na kula meza moja, chuki hupungua. Tarehe 7 Julai 1923 aliondoka New York na wanafunzi wake kwa meli ya Rochambeau. Walianza na mafunzo ya lugha mjini Nancy, kisha wakahamia Paris kusoma Sorbonne, wakiishi na familia za Kifaransa. Fedha zilitoka kwa wafadhili, akiwemo tajiri Pierre du Pont.

Nyumba ya mtu ni darasa

Je, wajua kwamba kumweka mwanafunzi mgeni kwa familia ya wenyeji kulienezwa sana na mpango ulioanzishwa mwaka 1932 na Mmarekani Donald Watt? Mpango huo, Experiment in International Living, ulijengwa juu ya wazo kwamba kijana hujifunza kuishi na watu wengine kwa kuishi nao. Miongoni mwa vijana wa mwanzo alikuwamo Sargent Shriver, aliyepelekwa Ujerumani mwaka 1934. Mwaka 1961 Shriver huyo huyo akawa mkuu wa kwanza wa Peace Corps, shirika la wafanyakazi wa kujitolea la Marekani, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea.

Paris mbili, za wanawake wawili

Je, wajua kwamba Jacqueline Kennedy, kabla ya kuwa mke wa Rais wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wa mwaka mmoja jijini Paris? Mwaka 1949 alipanga chumba kwa mama mmoja wa ukoo wa kikabaila, Comtesse de Renty. Huyu alikuwa mjane aliyeshiriki harakati za siri dhidi ya Wanazi na kuponea kambi ya mateso ya Ravensbrück. Baada ya vita alipokea wanafunzi ili apate riziki. Ghorofa yake haikuwa na mitambo ya kupasha nyumba nzima joto, na binti wa matajiri wa Marekani alijifunza Ufaransa ya baada ya vita kwa ubaridi wake.

Miaka 14 baadaye Angela Davis, mwanafunzi mweusi kutoka Birmingham, Alabama, naye alikwenda Ufaransa kwa masomo ya mwaka mmoja. Septemba 1963, akiwa Biarritz, alisoma gazetini kwamba kanisa la watu weusi mjini kwao limelipuliwa kwa bomu na wasichana wanne wameuawa. Aliwafahamu baadhi yao. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, ugenini hapakuwa mahali pa kuisahau nchi yake. Aliiona nchi hiyo ikiandikwa na watu wengine, na yeye yuko mbali.

Ukiona unanawa mikono kupita kiasi

Je, wajua kwamba mtu aliyelieneza zaidi wazo la "mshtuko wa utamaduni" alikuwa ameifanyia utafiti Ankole, Uganda? Ni Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Kanada na wazazi Wafini. Maelezo yake kuhusu ufalme wa Ankole yalichapishwa mwaka 1940. Mwaka 1954, jijini Rio de Janeiro, alizungumza na kina mama wageni kuhusu kwa nini maisha ya ugenini huwachosha watu, na hotuba hiyo ilichapishwa mwaka 1960.

Oberg aliorodhesha dalili: kunawa mikono kupita kiasi, kuyashuku maji ya kunywa, chakula na matandiko, kuhofia kwamba kila muuzaji anataka kukupunja, na kutamani mno kuongea na mtu wa kwenu. Chanzo, alisema, ni kupotelewa na ishara ndogondogo tulizozizoea tangu utotoni: lini umpe mtu mkono, useme nini mkikutana, mzaha uishie wapi. Dawa yake haikuwa ya hospitalini. Jifunze lugha, alishauri, ukashiriki shughuli za wenyeji.

Muhula huisha kabla ya bonde?

Je, wajua kwamba mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard alichunguza Wanorwe 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili, akakuta waliopata taabu zaidi ni waliokaa kati ya miezi 6 na 18? Waliokaa chini ya hapo, au zaidi, walikuwa na nafuu. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi wa muhula mmoja hupanda ndege ya kurudi akiwa bado kwenye fungate, yaani siku tamu za mwanzo, kabla ya kutumbukia kwenye bonde la taabu.

Lakini mambo si mepesi hivyo. Utafiti wa mwaka 1998 kuhusu wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand uliona kwamba siku za mwanzo kabisa ndizo zilizokuwa ngumu zaidi. Huenda fungate ni ya mtalii tu. Mwanafunzi anayepaswa kufungua akaunti ya benki, kutafuta chumba na kusoma ratiba asiyoielewa hana nafasi ya fungate.

Alama 1 ni sherehe, 10 haifikii kilele

Je, wajua kwamba Ujerumani alama bora kabisa ya chuo ni 1, na 5 ni kufeli? Nchini Denmark, tangu mwaka 2007, alama huanzia -3 na kuishia 12. Italia mitihani mingi hufanywa kwa mdomo, mwanafunzi ana kwa ana na profesa, na alama huhesabiwa juu ya 30. Ukipata 22 na hukuridhika, mara nyingi unaruhusiwa kuikataa pale pale ukarudi kujaribu siku nyingine.

Na ukiona kwenye ratiba ya chuo cha Ujerumani saa ya somo ikifuatwa na herufi "c.t.", usikimbie. Somo litaanza dakika 15 baadaye. Zikiwa "s.t.", fika mapema, kwa maana Mjerumani ataanza barabara.

Saa mbili ya nani?

Je, wajua kwamba mojawapo ya mitihani ya kwanza ya mwanafunzi mgeni Afrika Mashariki ni kusoma saa? Kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Karibu na ikweta jua hutoka na kutua kwa nyakati zilezile mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo haimpotezi mtu. Mgeni kutoka Ulaya, ambako wakati wa kiangazi jua linaweza kutua saa nne usiku, hana msingi huo kichwani. Mama mwenye nyumba akimwambia chakula cha usiku ni saa mbili, hushangaa ni familia gani inayoamka katikati ya usiku kula wali.

Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha jimbo la New York kimekuwa kikileta wanafunzi Kenya kwa muhula mzima tangu mwaka 1974. Hawa hukaa na familia za mjini na za shamba pia. Zanzibar nako, chuo kikuu cha SUZA hufundisha wageni Kiswahili na huwaweka kwenye nyumba za watu. Katika nyumba hizo, mtaala haujaandikwa: kuwaamkia wakubwa kabla ya kuomba chochote, kula kwa mkono wa kulia, kuoga kwa ndoo na kata bila kumaliza maji ya wote. Siku ya kwanza mgeni huandaliwa kiti na kinywaji. Anayeng'ang'ania kukaa kwenye kiti hicho muhula mzima hurudi kwao na picha. Anayeomba mbuzi akakuna nazi, akachekwa kwa kumwaga nusu yake chini, huanza kusikia habari za mtaa, kwa kuwa habari hizo husimuliwa jikoni.

Ufaransa iliyoshindwa na Ufaransa ya bandia

Je, wajua kwamba unaweza kwenda Ufaransa ukajifunza Kifaransa kidogo kuliko aliyebaki Marekani? Mwaka 2004 watafiti Barbara Freed, Norman Segalowitz na Dan Dewey walilinganisha makundi matatu ya wanafunzi: waliosoma Kifaransa darasani kwao, waliokwenda Ufaransa kwa muhula, na waliokuwa katika shule ya kiangazi ndani ya Marekani ambako Kifaransa ndiyo lugha ya kila kitu. Walioongeza ufasaha zaidi ni hawa wa mwisho. Wale wa Ufaransa, ilibainika, walitumia Kiingereza zaidi kuliko Kifaransa nje ya darasa.

Shule za namna hiyo zina historia ndefu. Chuo cha Middlebury, Vermont, kilianza na Kijerumani mwaka 1915, na leo wanafunzi wake wa kiangazi hutia saini ahadi ya kutotumia lugha nyingine yoyote, hata wakati wa kula au kucheza.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2009 ukihusisha wanafunzi wapatao 1,300 katika programu 61, uliwaangalia waliokaa kwa wenyeji. Kulala kwenye nyumba ya familia peke yake hakukusaidia. Waliofaidika ni wale waliotumia muda wao wa ziada na familia hizo, badala ya kuutumia na wenzao wa kwao.

Watu 14,549

Je, wajua kwamba Marekani ilipeleka ng'ambo wanafunzi 347,099 katika mwaka wa masomo wa 2018/19, na miaka miwili baadaye, UVIKO-19 ilipofunga mipaka, idadi ikashuka hadi 14,549? Safari zimerudi tangu hapo. Wengi wao, hata hivyo, huenda kwa muhula mmoja au wiki chache za kiangazi. Wanaokaa mwaka mzima, kama Jacqueline na Angela, ni wachache sana.

Kurudi ndiko kugumu

Je, wajua kwamba watafiti wanandoa, John na Jeanne Gullahorn, walionyesha mwaka 1963 kwamba mwanafunzi anaporudi nyumbani hupitia taabu ileile mara ya pili? Ugenini alitarajia kushangaa. Kwao hakutarajia. Anakuta marafiki wanataka hadithi ya dakika tano, na yeye ana ya miezi mitano. Watayarishaji wa programu nyingi siku hizi hufanya semina ya kuwaandaa wanafunzi kwa kurudi, kama walivyowaandaa kwa kwenda.

Karatasi zilizokataliwa Roma

Je, wajua kwamba Erasmus, mpango mkubwa wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ulizaliwa kutokana na fedheha ya hadharani? Mwaka 1958 Muitaliano Sofia Corradi alirudi Roma kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikosomea sheria kwa ufadhili wa Fulbright. Ufadhili huo wenyewe una asili ya ajabu. Ulianzishwa mwaka 1946, na fedha zake za mwanzo zilitokana na kuuza mali ya jeshi la Marekani iliyobaki ng'ambo baada ya vita. Corradi alipeleka vyeti vyake chuoni kwake vihesabiwe. Vilikataliwa, na akatolewa maneno mbele ya watu kana kwamba alikwenda kutembea tu.

Hakusahau. Kuanzia mwaka 1969 aliwaandikia na kuwafuata wakuu wa vyuo na wanasiasa, hadi Erasmus ilipoanza mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Leo waliopita humo ni mamilioni. Uchunguzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 33 ya waliowahi kwenda walikuwa na mwenzi wa taifa jingine, ilhali kwa waliobaki kwao ni asilimia 13. Tume ikakadiria pia kwamba tangu mwaka 1987 watoto wapatao milioni moja walikuwa wamezaliwa na wazazi waliokutana kwa njia hiyo. Mkubwa aliyemfukuza Corradi na vyeti vyake hakujua anaanzisha ukoo.