Vishale: vidole vinaachia saa gani? Telefone inaweza kuonyesha

Mwezi wa Desemba 2025, Mkenya David Munyua, daktari wa mifugo, alimshinda Mbelgiji Mike De Decker seti 3 kwa 2 kwenye mashindano ya dunia ya vishale huko London. Alikuwa nyuma seti 2 kwa 0. Ukimtazama, unaona kama ni kutupa tu.

Anayeanza, akikosa ubao, anafikiri hana nguvu. Anaongeza nguvu, anakosa zaidi. Lakini ubao uko mita 2,37 tu kutoka mstari! Shida mara nyingi iko kwenye vidole: vikiachia mapema, kishale kinapanda, vikichelewa, kinapiga chini.

Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitoa kazi yao katika jarida PLoS ONE. Walifuatilia kwa kamera mwendo wa mkono wa wachezaji 8 hodari na wengine 8 wanaoanza. Waliona kwamba hodari hawatupi wote namna moja. Kuna wanaoachia saa ileile, karibu bila kukosea. Wengine saa yao inayumba kidogo, ila mkono unapita njia ambayo, wakiwahi ao wakichelewa, kishale kinafika palepale. Basi kumlazimisha mtoto aige mkono wa bingwa mmoja ni kumchosha bure.

Hapa Bunia hakuna haja ya kungoja maabara. Iweke telefone upande wa mkono unaotupa, juu ya kitu kisichotikisika, kimo cha kiwiko. Video ya kawaida inachukua picha 30 kwa sekunde, na kishale kinakimbia karibu mita 6 kwa sekunde: kati ya picha mbili kimeenda sentimita 20, saa ya kuachia imekupita. Tafuta video ya polepole, ile ya picha 240. Hapo ni sentimita 2,5 tu.

Programu kama MediaPipe ya Google inaweka alama zenyewe kwenye bega, kiwiko na kiganja. Haikuambii kishale kimeachwa saa gani. Hiyo utaitafuta kwa macho, picha kwa picha. Bila programu, bandika kipande cha plasta yenye rangi kwenye kiwiko.

Na kamera ielekee ukutani, si barabarani wala kwa askari, juu Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021.

Tupa mara 20, usifute zile mbaya. Kisha linganisha: kiwiko kilikuwa fasi gani vidole vilipofunguka, kwa vishale vilivyopanda na kwa vile vilivyoshuka?