Kabla Hujanunua Antena ya Wi-Fi, Tembea Kwanza na Simu Yako

Mteja amesimama kaunta, amefungua programu yetu alipe, na kale kaduara kanazunguka tu. Anajaribu tena. Baadaye anapata amelipa mara mbili, na sasa mnaanza kurudishiana pesa. Mwezi uliopita tulitembelea wafanyabiashara wa Kitale, kisha tukashuka hadi Bungoma kupitia Webuye, na hadithi hii tuliisikia karibu kila duka.

Wengi walikuwa washanunua kitu: antena ndefu zaidi, ama kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa kwa soketi. Pesa imeenda, Wi-Fi ni ile ile.

Mara nyingi shida ni ukuta. Mabati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Rauta ikiwa ndani ya nyumba na duka ni kibanda cha mabati pale mbele, antena ya ndani haitakusaidia sana. Afadhali upitishe waya wa mtandao hadi dukani, usizidi mita 100, ufunge rauta ya pili huko huko. Haipendezi kama antena, lakini inafanya kazi.

Antena yenyewe haiongezi nguvu, inaielekeza tu. Fikiria tochi: ukikaza mwanga unafika mbali, pembeni kunabaki giza. Ile namba ya dBi kwenye boksi ndiyo inaonyesha imekazwa kiasi gani. Na simu lazima ijibu pia. Rauta inaweza kuita hadi barabarani, simu ikakosa sauti ya kuitikia. Ndiyo maana kuunganisha majengo mawili yaliyo mbali kunataka antena mbili, moja kila upande, zikiangaliana bila kizuizi.

Hapo sasa ndipo mahindi ya Trans Nzoia yanaingia. Fundi akikufungia Machi, shamba ni tupu na kila kitu kinashika. Ikifika Julai mahindi yamempita mtu kimo, majani yamejaa maji, na mawimbi yanamezwa humo. Mlingoti upimwe kwa mahindi ya Julai. Ukiwa wa chuma, fundi aweke na waya wa kushusha radi ardhini. Watu wa Bungoma hatuhitaji kuwaeleza kuhusu radi.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, tembea na simu kutoka kwa rauta hadi kaunta, uone mawimbi yanapungulia wapi. Jaribu 2.4 GHz badala ya 5 GHz: kasi ni ndogo, lakini inapenya kuta vizuri zaidi. Kifaa cha kurudia mawimbi kiweke katikati, mahali Wi-Fi bado ina nguvu. Ukikiweka kwenye kona iliyokufa, hakina cha kurudia.

Na Wi-Fi ikipotea mteja akiwa hapo? Azime Wi-Fi atumie bando, ama apige USSD, ambayo haihitaji intaneti kabisa. Kabla ya kulipa tena, aangalie kwanza salio na orodha ya malipo. Nawe ukienda kununua vifaa, lipa kwa Till ya duka na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Muuzaji akisisitiza utume kwa namba ya mtu binafsi, muulize kwa nini.