Umri na Lugha (3): Wanafunzi Wenye Mvi

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liamue, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na kupendekeza wabunge na mawaziri wenyewe nao wafundishwe, dhihaka hazijakoma. Eti mzee wa miaka sitini ataziweza wapi ngeli! Wanaocheka hawajasoma habari za Krapf.

Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mtu wa miaka 34 aliyekwisha kuhangaika na Kiamhari na Kioromo huko Uhabeshi. Kamusi ya Kiswahili hakuikuta. Ilimlazimu aitunge mwenyewe. Mwezi Juni alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji. Julai homa ikamchukulia mke na mtoto mchanga. Hakuacha. Sarufi yake ilichapwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi ile kubwa ikatoka London mwaka 1882, mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia.

Edward Steere naye, msomi wa sheria, alishuka Unguja mwaka 1864 akiwa na miaka 36. Kufikia 1870 alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyo wa hadithi, na katikati ya shughuli hizo alikwisha kutoa kijitabu cha Kishambaa. (Wapo wanaosema wamisionari hao walikuwa na ajenda yao. Walikuwa nayo, lakini ajenda haimfundishi mtu kunyambua vitenzi.) Hadithi zile alizipata kwa kuketi na Waswahili wakamsimulia, naye akaandika.

Wiki iliyopita tuliona sikio la mtoto mchanga linavyochuja sauti kabla hajatimiza mwaka. Hapo mtu mzima kashindwa, na lafudhi yake itamfichua hadi kaburini. Lakini mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walitoa matokeo ya kuwapima wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi. Miezi ya mwanzo, waliokwenda kasi ni vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima. Watoto wa miaka 3 hadi 5 ndio walioburura mkia. Mkubwa huzishika kanuni upesi. Mtoto humpita baadaye, kwa kuwa anashinda na wenzake mchezoni kutwa nzima, na akikosea hakuna anayemvunjia heshima.

Heshima ndiyo inayotuponza. Mheshimiwa anaogopa kusema “kitabu yangu” mbele ya karani wake. Na sisi tunaojiita wenye lugha, Mganda akiteleza kidogo tu, twamgeuzia Kiingereza, tena kwa tabasamu! Huo ni uchoyo.

Kuhusu madarasa ya waheshimiwa nafasi imenibana, basi niseme hili tu: somo la saa moja kwa wiki halitawafikisha popote. Wakitoka darasani waende Mutukula, mpakani, wakabishane bei na wachuuzi bila mkalimani.